Davy Crockett: Mtu aliyefichwa na kofia yake

Kila mwaka wanafunzi wa darasa la nne na la saba katika jimbo la Texas, nchini Marekani, hufundishwa historia ya jimbo lao. Siku hizi miongoni mwao wamo pia watoto wa familia zilizohamia Houston na Dallas kutoka Kenya, Tanzania, Burundi na Kongo. Wote, punde si punde, hufikishwa kwenye jengo la kale la mawe lililo katikati ya mji wa San Antonio, liitwalo Alamo, na kwa mtu mmoja aliyeuawa hapo alfajiri ya tarehe 6 Machi 1836.

Mtu huyo ni David Crockett, ambaye ulimwengu umezoea kumwita Davy. Wengi humfahamu kabla hata ya kumsoma: mwanamume aliyevaa mavazi ya ngozi, bunduki ndefu mkononi, na kichwani kofia ya manyoya ya rakuni, mnyama mdogo wa misitu ya Amerika, ambaye mkia wake wenye mapete huning'inia kisogoni kwa mvaaji. Sura hiyo haikutoka katika kumbukumbu za historia. Ilianzia kwenye jukwaa la michezo ya kuigiza, ikapitia katika vitabu vya senti chache, na hatimaye ikaingia majumbani mwa watu kwa njia ya televisheni.

Mwalimu anayesimama mbele ya darasa hilo ana Crockett wawili mikononi mwake. Mmoja alikuwa mtoto wa mdaiwa, skwota, mwindaji na mbunge, ambaye karibu kila hatua ya maisha yake iliongozwa na haja ya kupata ardhi. Wa pili aliundwa na watu wengine, na baadhi yao walimuunda wakati mwenyewe yu hai akitazama. Huyo wa pili hadaiwi na mtu, wala hana haja ya shamba.

<b>Mtoto wa mdaiwa</b>

Crockett alizaliwa tarehe 17 Agosti 1786 kando ya mto Nolichucky, mahali ambapo leo ni mashariki ya jimbo la Tennessee. Wimbo uliovuma mwaka 1955 unamzalia kileleni mwa mlima, lakini ukweli ni kwamba alizaliwa bondeni, karibu na maji. Tennessee yenyewe ilikuwa bado haijawa jimbo. Ilikuwa nchi ya mpakani, ambako walowezi wa Kizungu walikuwa wakisonga mbele na wenyeji asilia wakirudishwa nyuma, na damu ikimwagika pande zote mbili. Babu na bibi yake, wazazi wa baba, waliuawa mwaka 1777 na wapiganaji wa Kicreek na Kicherokee.

Baba yake, John Crockett, alipigana dhidi ya Waingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Vita hivyo vilimpa heshima, havikumpa mali. Kinu cha nafaka alichokuwa akikijenga kilichukuliwa na mafuriko, na baadaye akafungua nyumba ndogo ya wageni kando ya njia waliyopita wachungaji wa ng'ombe na wenye magari ya farasi. Watoto walikuwa tisa, David akiwa wa tano, na madeni yalikuwa mengi kuliko wageni.

Alipofika umri wa miaka 12, baba yake alimtoa kwa msafiri mmoja aliyekuwa akiswaga ng'ombe kuelekea Virginia, safari ya mamia ya kilomita kwa miguu. Tajiri huyo akataka kumzuia asirudi. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mtoto huyo aliamka usiku, akatoroka katika theluji iliyomfika magotini, akaungana na watu waliokuwa wakielekea kwao.

Mwaka uliofuata alipelekwa shule. Alihudhuria siku nne tu. Akapigana na mwanafunzi mwenzake, akaogopa adhabu ya mwalimu, akawa anajificha msituni hadi jioni ili nyumbani wadhani ametoka darasani. Mwalimu alipoandika barua kuuliza aliko, baba akamkimbiza na fimbo, naye akakimbia kweli kweli, asionekane tena kwa zaidi ya miaka miwili. Aliporudi, alikuwa amekua kiasi kwamba aliketi mezani miongoni mwa wageni na hakuna aliyemtambua, hadi dada yake mkubwa alipomtazama usoni na kumrukia shingoni.

Yaliyofuata yanastahili kusimuliwa darasani zaidi ya hadithi za dubu. Baba alikuwa akidaiwa dola 36 na jirani mmoja. Kijana akamtumikia jirani huyo miezi sita, deni likafutwa. Kisha akagundua kuwa baba anadaiwa dola 40 nyingine na mzee mmoja wa madhehebu ya Quaker. Akatumika miezi sita mingine bila ujira, akampelekea baba yake hati ya deni iliyokwisha kulipwa. Alibaki kwa mzee yule, akafanya mpango na mwanawe aliyekuwa mwalimu: siku nne za juma masomo, siku mbili kazi. Mpango huo ulidumu kama miezi sita, na hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyoipata mtu ambaye baadaye angeketi katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington.

<b>Viazi vya Tallushatchee</b>

Mwaka 1806 alimwoa Mary Finley, maarufu kwa jina la Polly, wakapata watoto watatu. Walipanga shamba, kodi ikawashinda, wakahamia magharibi. Kisha wakahama tena. Huo ndio mtindo atakaoufuata maisha yake yote. Ardhi nzuri ilipatikana pale tu ambapo hapakuwa bado na karani wa serikali wala tajiri mwenye hati.

Mwezi Agosti 1813 wapiganaji wa kundi moja la Wacreek waliishambulia ngome ya Fort Mims, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Alabama, wakawaua mamia ya watu. Crockett alijiunga na wanamgambo wa Tennessee, chini ya uongozi wa Jenerali Andrew Jackson, akawa mpelelezi na mwindaji wa kuwatafutia wenzake nyama.

Tarehe 3 Novemba 1813 kikosi chake kilikizingira kijiji cha Tallushatchee. Wapiganaji wapatao 186 wa Kicreek waliuawa. Crockett alieleza baadaye, bila kupamba, jinsi nyumba moja iliyokuwa na wapiganaji 46 ilivyotiwa moto nao wakiwa ndani. Siku ya pili askari, wakiwa na njaa kali, waliirudia nyumba hiyo wakakuta chini ya sakafu ghala la viazi, ambavyo vilikuwa vimeiva kwa moto na kulowa mafuta ya miili ya waliokufa juu yake. Wakavila. Mtu aliyetunga kitabu ili kujitafutia kura angeweza kuliacha jambo hilo nje, lakini yeye hakuliacha.

Polly alifariki mwaka 1815. Muda mfupi baadaye Crockett alimwoa Elizabeth Patton, mjane wa askari, mwenye watoto wawili na mali kidogo, na mwanamke mwenye akili ya biashara kuliko mumewe. Pamoja walijenga kinu cha nafaka, kinu cha baruti na kiwanda cha pombe kali. Mwaka 1821 mafuriko yalivikumba vyote, kama yalivyokuwa yamemfanyia baba yake. Elizabeth alimshauri auze kilichobaki, alipe madeni, waanze upya. Wakahamia kaskazini-magharibi ya Tennessee, karibu na mto Obion, katika misitu minene iliyojaa dubu.

Huko ndiko sifa ya uwindaji ilikokolea. Crockett alidai kuwa katika kipindi kisichotimia mwaka mmoja aliua dubu 105. Hesabu ni yake mwenyewe na wawindaji si watu wa kupunguza idadi, lakini nyama na mafuta ya dubu vilikuwa chakula na biashara ya nchi ile, na majirani zake hawakumbishia. Alijaribu pia kupeleka mbao za mapipa New Orleans kwa mashua mbili. Zote zilizama katika mto Mississippi, naye akaponea chupuchupu kwa kuvutwa nje kupitia tundu dogo, ngozi ikibanduka mwilini.

<b>Kura moja ya mwaka 1830</b>

Siasa alizianza kwa kuwa hakimu wa eneo lake, kisha kanali wa wanamgambo, na mwaka 1821 akaingia katika bunge la Tennessee. Alikuwa na kipaji cha mkutano wa hadhara: aliwachekesha watu, akawanunulia vinywaji, akashuka jukwaani kabla hawajachoka. Mwaka 1825 aliwania Bunge la Marekani akashindwa. Mwaka 1827 akashinda, na mwaka 1829 akachaguliwa tena.

Alikwenda Washington na jambo moja kichwani. Magharibi ya Tennessee ilijaa maskwota, watu waliokata misitu, wakajenga vibanda na kulima bila hati, wakiishi kwa hofu kwamba siku moja mwenye karatasi atatokea na kuwafukuza. Crockett alikuwa mmoja wao. Alitaka sheria ya kuwauzia mashamba hayo kwa bei ndogo. Wakubwa wa jimbo lake, akiwemo James Polk aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, walitaka ardhi hiyo iwe mikononi mwa jimbo, mapato yake yaendeshe elimu. Crockett aliona kuwa watoto wa maskwota wasingeikanyaga milango ya vyuo vitakavyojengwa kwa mashamba ya baba zao. Mswada wake haukupita kamwe alipokuwa bungeni. Mwanawe, John Wesley Crockett, ndiye aliyefanikiwa kupitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1841.

Mwaka 1830 likaja suala zito zaidi. Andrew Jackson, jenerali wake wa zamani na mtu wa Tennessee kama yeye, sasa alikuwa Rais. Aliwasilisha sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia wa kusini-mashariki na kuwapeleka magharibi ya mto Mississippi. Wapiga kura wa Crockett waliitaka. Chama kiliitaka. Wabunge wenzake wote wa Tennessee waliiunga mkono.

Crockett aliipinga. Mwezi Mei mwaka huo Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 102 dhidi ya 97, na katika hizo 97 kulikuwa na moja tu kutoka Tennessee. Alisema baadaye kwamba sheria ile ilikuwa ya uonevu na kwamba dhamiri yake isingemruhusu. John Ross, chifu wa Wacherokee, alimwandikia kumshukuru. Mjukuu wa watu waliouawa na wapiganaji wa Kicreek na Kicherokee, na askari aliyekuwapo Tallushatchee, ndiye aliyekataa.

Gharama ilikuja mara moja. Mwaka 1831 alinyang'anywa kiti chake na mgombea wa upande wa Jackson. Sheria ikatekelezwa. Mwaka 1838 Wacherokee waliondolewa kwa nguvu za jeshi, na katika kambi na njiani walikufa watu wanaokadiriwa kufikia 4,000.

Mwalimu hana budi kuongeza jambo jingine hapa, lisije likaota gamba jipya la utakatifu. Crockett huyo huyo aliwahi kumiliki watumwa, kama walivyofanya wengi wa majirani zake waliojiweza, wala bungeni hakupigana na utumwa. Dhamiri yake ilikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilifuata rangi.

<b>Mwigizaji na mwigizwa</b>

Mwaka huo wa 1831, Crockett alipokuwa akipoteza kiti, mchezo wa kuigiza uitwao The Lion of the West ulifunguliwa mjini New York. Uliandikwa na James Kirke Paulding. Mhusika mkuu, mbunge mshamba mwenye majigambo kutoka magharibi aitwaye Nimrod Wildfire, aliigizwa na James Hackett akiwa amevaa kofia ya ngozi ya paka-mwitu. Kila mtazamaji alielewa ni nani anayetaniwa.

Crockett alirejea bungeni mwaka 1833, na mwezi Desemba mchezo ulipoonyeshwa Washington alikwenda kuutazama. Inasimuliwa kwamba Hackett alipotokea jukwaani alimwinamia mbunge, na mbunge akasimama akamwinamia yeye, ukumbi ukaripuka kwa vifijo. Tangu usiku ule ikawa vigumu kujua nani anamwiga nani. Picha alizochorwa akiwa hai hazimwonyeshi na kofia ya manyoya. Nyingi zinamwonyesha bwana aliyevaa koti na tai ya shingoni, kama mbunge mwingine yeyote.

Alitambua kuwa jina lake limekuwa bidhaa na kwamba faida inakwenda kwa wengine. Mwaka 1833 kilitoka kitabu juu yake bila idhini yake. Mwaka 1834 alijibu kwa kuandika maisha yake mwenyewe, akisaidiwa na Thomas Chilton, mbunge wa Kentucky, na kitabu kikauzwa sana. Chama cha Whig, kilichompinga Jackson, kiliona faida ya kuwa na mtu wa msituni upande wake, kikamzungusha Baltimore, Philadelphia, New York na Boston akihutubia na kupigiwa makofi. Alikwenda katika ziara hiyo wakati Bunge likiwa katika vikao. Wapiga kura wake waliliona hilo, na mwezi Agosti 1835 wakampigia kura Adam Huntsman, wakili mwenye mguu wa mti. Crockett alishindwa kwa kura 252.

<b>Ardhi ya Texas</b>

Siku ya kwanza ya Novemba 1835 aliondoka nyumbani na wenzake wachache kuelekea Texas, iliyokuwa sehemu ya Mexico. Alikuwa na umri wa miaka 49. Hakuwa anakwenda kufa. Barua aliyomwandikia binti yake mwezi Januari 1836 ni ya mtu mwenye furaha: ameiona ardhi nzuri kuliko zote alizopata kuziona, na anatumaini kuchaguliwa katika mkutano wa kutunga katiba ya nchi mpya. Mjini Nacogdoches alikula kiapo cha kulitumikia jeshi la waasi, na wenye kujitolea waliahidiwa maelfu ya ekari.

Walowezi wa Texas walikuwa na malalamiko ya kweli. Jenerali Santa Anna alikuwa ameivunja katiba ya shirikisho ya mwaka 1824, na hata Wamexico wengi, wakiwemo wenyeji wa Texas wenye asili ya Kihispania, walimpinga kwa silaha. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo vitabu vya shule vililipita kwa haraka kwa zaidi ya karne moja. Mexico ilikuwa imetangaza kukomesha utumwa mwaka 1829, chini ya Rais Vicente Guerrero, mtu mwenye damu ya Kiafrika. Texas iliponea kwa kupewa msamaha maalumu, na walowezi waliolima pamba kwa jasho la watumwa waliishi wakihofia kwamba msamaha huo utaondolewa. Katiba waliyoiandika mwezi Machi 1836, wakati Alamo imezingirwa, iliuhalalisha utumwa waziwazi na kumkataza Mwafrika huru kuishi nchini bila idhini ya bunge.

Crockett aliwasili San Antonio mwanzoni mwa Februari. Tarehe 23 jeshi la Santa Anna likaingia mjini, na watu wapatao 200 wakajifungia ndani ya Alamo, iliyokuwa misheni ya Wakatoliki, chini ya William Travis na Jim Bowie. Walizingirwa siku 13. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 6 Machi askari wapatao 1,800 walizipanda kuta, na jua lilipochomoza yote yalikuwa yamekwisha. Maiti za walinzi zilichomwa moto.

Miongoni mwa walionusurika alikuwepo Joe, kijana Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa Travis. Yeye ndiye aliyewaeleza viongozi wa Texas yaliyotokea, nao wakamsikiliza kwa makini. Kisha wakamrudisha utumwani, akawa sehemu ya mirathi ya bwana wake. Tarehe 21 Aprili 1837, siku Texas ilipokuwa ikiadhimisha mwaka mmoja wa ushindi wake wa San Jacinto dhidi ya Santa Anna, Joe alitoroka.

<b>Namna ya kufa</b>

Susanna Dickinson, mke wa mmoja wa maofisa, alisema aliuona mwili wa Crockett kati ya kanisa na jengo la askari. Lakini miezi michache tu baada ya vita, magazeti ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuandika kuwa alikamatwa akiwa hai na kuuawa kwa amri ya Santa Anna. Watu wa wakati ule hawakuona aibu yoyote katika habari hiyo. Aibu ilikuwa ya aliyewaua mateka.

Mambo yalibadilika baadaye. Mwaka 1955 yalichapishwa nchini Mexico maandishi ya ofisa wa Santa Anna, José Enrique de la Peña, yanayosema kuwa Crockett alikuwa mmoja wa mateka wachache walioletwa mbele ya jenerali na kuuawa kwa panga. Tafsiri ya Kiingereza ilipotolewa mwaka 1975, mtafsiri wake, Carmen Perry, alipokea matusi na vitisho. Wapo waliodai hati hiyo ni ya kughushi, wengine wakasema ni halali ila ofisa yule hakuwa na namna ya kumtambua Crockett. Mwaka 1998 ilinunuliwa mnadani kwa dola 350,000 na ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha Texas, ambako vipimo vilionyesha karatasi zake ni za enzi zile.

Kilichowaudhi watu ni kwamba hati hiyo iligongana na picha waliyoiona sebuleni. Kati ya Desemba 1954 na Februari 1955 kampuni ya Walt Disney ilionyesha katika televisheni vipindi vitatu juu ya Crockett, Fess Parker akiwa mwigizaji mkuu. Marekani haikuwa imepata kuona jambo kama hilo. Watoto kwa mamilioni walitaka kofia yenye mkia. Bei ya ngozi za rakuni ilipanda kutoka senti 25 kwa ratili hadi dola 8, na makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba bidhaa zenye jina la Crockett ziliuzwa kwa dola milioni 300. Homa hiyo ikavuka bahari hadi Uingereza.

Kwa haki, kipindi cha pili kilimwonyesha akiipinga sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia. Lakini hakuna duka lililouza mfano wa kura. Kipindi cha tatu kilimalizika Crockett akiwa bado amesimama juu ya ngazi za Alamo akizungusha bunduki yake kama rungu. Kizazi kizima hakikumwona akianguka. Miaka michache baadaye jeshi la Marekani liliipa jina la Davy Crockett silaha yake ndogo ya nyuklia, iliyobebwa na askari wachache na kupelekwa hadi Ujerumani Magharibi.

John Wayne alimwigiza mwaka 1960. Mwaka 2004 Billy Bob Thornton alimleta Crockett mwingine katika filamu ya The Alamo: mwanasiasa aliyechoka, anayekiri kuwa kofia ile aliianza kwa sababu ya mwigizaji wa jukwaani, na anayekufa akiwa mateka. Huenda ndiye Crockett wa sinema aliye karibu zaidi na mwenye jina lake. Filamu ilishindwa vibaya sokoni.

<b>Neno moja katika mtaala</b>

Darasani ubishi haujapoa. Mwaka 2018 kamati iliyoishauri Bodi ya Elimu ya Texas ilipendekeza kuondoa katika mtaala wa darasa la saba neno linalowaelezea walinzi wa Alamo kuwa mashujaa, ikisema neno hilo linatoa hukumu badala ya maelezo. Gavana Greg Abbott alikuja juu, na bodi ikaamua ushujaa ubaki. Mwezi Julai 2021 jumba la makumbusho la jimbo mjini Austin lilifuta, saa chache kabla ya kuanza, mazungumzo juu ya kitabu kilichoeleza nafasi ya utumwa katika uasi wa Texas. Naibu gavana alisema ni yeye aliyetaka yafutwe.

Hata hivyo kazi ya mwalimu si lazima iwe ya kumpandisha Crockett au kumshusha. Wapo wanaowapa wanafunzi ukurasa wa kitabu cha Crockett mwenyewe, ukurasa wa almanaka zilizotolewa kwa jina lake kuanzia mwaka 1835, na kipande cha filamu ya Disney, kisha kuwaachia watafute mahali ambapo mtu anaishia na kofia inaanzia. Almanaka hizo, zilizoendelea kwa miaka 20 baada ya kifo chake, zilimpa uwezo wa kupanda mamba kama farasi; zilimpa pia matusi dhidi ya Waafrika, Wamexico na wenyeji asilia. Wanafunzi wenye umri wa miaka 13 huiona tofauti hiyo upesi kuliko watu wazima.

Elizabeth Patton Crockett alibaki Tennessee na madeni. Katika miaka ya 1850 alisafiri hadi Texas na watoto wake kuichukua ardhi ambayo mumewe alistahili kwa utumishi wake, akaishi juu yake katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Hood. Alifariki mwezi Januari 1860 na kuzikwa katika makaburi ya Acton. Kipande cha ardhi alicholazwa, chenye upana wa hatua chache tu, ndilo eneo dogo kuliko yote ya kihistoria yanayotunzwa na jimbo la Texas. Juu yake imesimamishwa sanamu ya mwanamke aliyekinga macho kwa kiganja, akitazama mbali.